Maji yalisema mbele: mafuriko na maonyo, kutoka Uvira hadi Giheke

Wiki iliyopita mmoja wetu aliandika kwenye kikundi: "Mafuriko ni ya Mungu. Inakuja vile inataka, hakuna mutu anaweza kujua." Wengine wakaitikia amina, wengine wakakataa, tukabishana siku tatu mpaka bando zikaisha. Makala hii ndiyo jibu letu. Tumelitafuta kwenye historia, kwa sababu wengi wetu tumepita katikati ya hiyo historia kwa miguu, tena wengine bila viatu.

Kwa wasiotujua: sisi ni vijana tuliotoka Congo kwa nyakati tofauti. Wengine tulivukia Kamanyola, wengine Bukavu, na mmoja alizunguka kupitia Burundi. Sasa tunakaa hapa umurenge wa Giheke, wilaya ya Rusizi. Giheke si Uvira. Hapa hakuna mto mkubwa wa kuja kumeza kartie nzima. Shida ya hapa ni mteremko: ukuta wa udongo uliochimbwa nyuma ya nyumba ili kupata kiwanja, maji ya paa la jirani wa juu yanayomwagika kwako, na korongo dogo ambalo kila mwaka linaongezeka kidogo na hakuna anayelipima. Mvua za itumba zikianza, kila jioni swali ni lilelile: wingu hili ni la kwetu ama linapita?

Kuna kitu tunakubaliana na yule ndugu. Upo msiba usiopiga hodi. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wakiwa kanisani, ardhi ilitikisika hapa Rusizi na kwa majirani wa Nyamasheke, na ng'ambo Bukavu pia. Kuta ziliangukia waumini. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuwaambia Jumamosi usiku kwamba kesho msiingie. Lakini maji si tetemeko. Maji yana safari: yanaanzia mahali, yanapita mahali, ndipo yanafika kwako. Na chenye safari, habari zake zinaweza kufika kabla yake.

Tuanze na ziwa. Walio wa Uvira, Mboko na Baraka wamekua wakiwasikia wazee wakisema kwamba Tanganyika siku moja litarudi kuchukua kiwanja chake. Tulidhani ni maneno ya kutisha watoto wasiende kuogelea. Kumbe katika miaka ya 1870 ziwa lilipanda mpaka likafungua mlango wa magharibi, mto Lukuga, maji yakamwagika kuelekea mto Congo, halafu likashuka tena. Baadaye, mvua kubwa za kati ya 1961 na 1964 zilipandisha maziwa ya eneo letu lote. Ziwa Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2. Waliojenga pwani wakahama. Miaka ikapita, maji yakarudi chini, na pale palipokuwa na ziwa pakabaki mchanga mzuri, tambarare, karibu na barabara na soko. Nani hangejenga? Kuanzia 2020 ziwa likapanda tena, na kufikia 2024 lilikuwa karibu na alama ya ile miaka ya 1960. Gatumba, upande wa Burundi, watu walikuwa wanaingia kwao kwa mtumbwi. Hilo lilikuwa onyo lenye umri wa miaka 60, na wazee walilibeba mdomoni muda wote huo. Sisi vijana ndio tuliliona ni hadithi.

Lakini ziwa hupanda polepole, mtu anapata nafasi ya kutoa hata mlango wake na mabati. Mto haukupi nafasi hiyo.

Uvira imekaa kati ya ziwa na mlima. Milima ya Mitumba imesimama nyuma ya mji kama ukuta, na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kutoka huko kwa mwendo mfupi, tena mkali. Mvua inaweza kunyesha juu huku chini jua linawaka na watu wanaanika mihogo. Kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilianguka, na watu wapatao 80,000 walibaki bila makazi. Daraja lilivunjika. Mitambo ya maji ya REGIDESO nayo iliharibika, katika mji ambao kolera haijawahi kuondoka kabisa. Na kumbukeni ilikuwa miezi ya korona: redio zinasema mukae mbalimbali, na familia nne zinalala darasa moja.

Wawili wetu walikuwepo. Mmoja alikuwa na miaka 13. Tulimwomba asituambie maji yalivyoingia, hiyo tunaijua. Tulimwomba atuambie saa mbili kabla maji hayajaingia. Akafikiri sana. Akasema mto ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa. Akasema kulikuwa na kelele chini ya maji, mawe yanagongana, si ile kelele ya kawaida ya mvua. Kulikuwa na harufu ya udongo na majani yaliyopasuka. Na alimkumbuka mama mmoja, muuzaji wa ndagala, aliyepita kwenye avenyu akisema: "Mutoke! Mto inalia vibaya!"

Kwa hiyo walisikia. Hapo ndipo ubishi wetu ulipobadilika. Baadhi ya nyumba zilitoka. Nyingine zilijibu kutoka ndani: "Tuache vitu kwa wezi?" Moja ilikuwa na mama aliyejifungua siku nne nyuma. Nyingine ilisema mwaka uliopita pia tuliambiwa tutoke, tukalala nje, mto haukufanya kitu, na asubuhi sufuria zilikuwa zimeibiwa. Hizo si akili za ujinga. Ukikaa na kila jibu utaona kila nyumba ilikuwa na hesabu yake. Onyo lilifika, ila halikuja na jibu la maswali ambayo mtu huuliza akiwa gizani: niende wapi, nani atalinda vitu, nani atambeba huyu?

Tumeandika alama za mto hapa ili zisipotee: rangi, kelele ya mawe, harufu. Kuna ya nne, na ndiyo inayodanganya watu. Mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha mlimani, usifurahi. Huenda miti na udongo vimeziba huko juu. Kizuizi kikikatika, maji yote yanakuja kwa mkupuo, na matope, na mawe makubwa kama gari.

Halafu ikaja ile wiki ya Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Rutsiro, Rubavu, Karongi, Ngororero, Nyabihu. Mto Sebeya ulifurika Rubavu. Zaidi ya watu 130 walikufa, wengi wakiwa wamelala, nyumba zikawaangukia ama mlima ukashuka juu yao. Siku iliyofuata hiyo, Alhamisi tarehe 4, upande wa pili wa ziwa hilohilo la Kivu, mito ya Kalehe ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamekuja kutoka vijiji vingine na ndizi zao na mihogo yao. Maiti zilizopatikana zilizidi 400, na wengi hawakuonekana hata leo.

Hatusemi kwamba mvua ya Rutsiro ingetosha kumwambia mtu wa Nyamukubi ni mto gani utatoka na saa ngapi. Mito ile ni mifupi, haitabiriki hivyo. Lakini udongo wa pande zote mbili ulikuwa umekwisha kulowa, na udongo uliolowa haumezi tena maji, unayateleza tu. Jumatano ile, msiba wa Rwanda ulikuwa kwenye kila redio. Sisi tuliokuwa Kivu ya Kusini tuliusikia, tukasema pole kwao. Tuliusikia kama habari ya nchi ya wenzetu. Mpaka wa nchi umo kwenye vichwa vyetu kuliko ulivyo kwenye mawingu.

Sasa tuje kwenye onyo la kisasa. Hapa Rwanda, Meteo Rwanda hutoa utabiri wa siku, wa siku 10 na wa msimu, na redio zinausoma. Wengi wetu tulikuwa tunausikia bila kuuelewa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni namba. Milimita 50, ndiyo kitu gani? Mmoja wetu aliyesoma hesabu akatufanyia hivi: milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita 1 ya maji. Paa la mita 5 kwa 4 ni mita mraba 20. Mvua ya milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Bidoni 50 zinamwagwa kwenye uwanja wako, na jirani wa juu anamwaga zake, na aliye juu yake anamwaga zake. Tangu siku hiyo hakuna anayecheka tukisema tuchimbe mfereji.

Ya pili ni maneno. Sisi tuliokua na Kiswahili na Mashi na Kifuliru, Kinyarwanda cha redio kinatupita mbio. Kuna maneno matatu kila mkimbizi wa huku inabidi ayajue kabla hata ya kujua bei ya sukari. Umwuzure ni mafuriko. Inkangu ni mlima kuporomoka. Na amanegeka ni mahali pa hatari pasipofaa kukaa watu. Ukisikia mtaa wako umetajwa pamoja na neno amanegeka, si maelezo ya mandhari, ni kwamba unaambiwa uhame. Nyumba za kupanga huko ndizo za bei nafuu, hivyo ndizo zinazotupata sisi. Mwenzetu mmoja alikaa miezi saba kwenye nyumba yenye alama nyekundu ukutani, akidhani ni namba ya mwenye nyumba.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hilo ni lenu pia. Umoja wa Mataifa ulitangaza Machi 2022 kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa onyo la mapema. Tunalipenda hilo neno kila mtu. Ndani yake yumo mama mwenye simu ya kitochi, anayesoma Kiswahili tu, na chaji yake ameinunua dukani asubuhi. Na hapa Rwanda kuna bahati ambayo sehemu nyingi hawana: wizara inayoshughulikia majanga na inayoshughulikia wakimbizi ni moja, MINEMA. Ilianzishwa 2010 ikiitwa MIDIMAR. Faili la mvua na faili la mkimbizi yamo chini ya paa moja. Kuyakutanisha kusiwe safari ndefu.

Hata hivyo onyo likisikilizwa nalo lina bei yake. Kambi ya Gihembe, kule Gicumbi, ilifunguliwa 1997 kwa ajili ya Wakongomani. Ilijengwa juu ya kilima, watu wengi kwenye nafasi ndogo, maji ya mapaa yote yakishukia sehemu zilezile. Mvua ikachimba makorongo, na makorongo yakala mpaka karibu na nyumba. Mwaka 2021 kambi ikafungwa na watu wakahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Tunaye mmoja kwenye kikundi mwenye shangazi aliyezeeka Gihembe. Kwake, kambi ile ndiyo ilikuwa nyumbani: makaburi ya watu wake yako kule. Alihama kwa usalama, akalia wiki mbili. Tunaona walifanya vizuri kuwahamisha. Tunaona pia kwamba korongo lilianza likiwa mfereji ambao mtoto angeuruka, na wakati huo mawe na miti vingekuwa rahisi kuliko malori ya kuhamisha watu.

Mfano tulioupenda zaidi uko mbali, Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu zaidi ya 300,000 kule pwani. Baada yake, serikali na Hilali Nyekundu wakaunda jeshi la kujitolea la vijiji: vijana wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli, wanaopita mlango kwa mlango. Vimbunga havijaacha kuja, lakini vifo vimeshuka mno, siku hizi vikihesabika kwa makumi ama mamia badala ya malaki. Na kambi za Warohingya zilipojaa kule Cox's Bazar, wakimbizi wenyewe walifundishwa kazi hiyo, wakapandisha bendera hizo kambini. Tuliposoma hilo tukasema basi, hata sisi tunaweza.

Hapo tukakosea, na ni vizuri tuseme tulivyokosea.

Kwanza tulijaribu WhatsApp. Saa nne usiku, siku ya kiangazi isiyo na wingu, tukatuma ujumbe wa majaribio: ukiusoma, jibu NDIYO. Wengi walijibu asubuhi wakipiga mswaki. Simu zilikuwa zimezimwa, hazina moto, ama bando limekwisha. Kumbukeni misiba ya Uvira na Rutsiro ilikuja usiku.

Basi tukanunua filimbi. Tukakubaliana: filimbi tatu ndefu ni kutoka nje. Tukajaribu Ijumaa moja jioni, giza likiwa limeingia. Watoto wetu walicheka. Lakini nyumba za majirani zilizima taa. Zilizima, moja baada ya nyingine. Kesho yake mutwarasibo, kiongozi wa isibo yetu, yaani lile kundi la nyumba chache ndani ya umudugudu, alitukalisha. Hakugomba. Alisema hapa kuna watu ambao filimbi ya usiku wameisikia mwaka 1994, na walioipuliza hawakuwa wamekuja kuokoa. Mzee wa nyumba ya chini hakulala.

Tulinyamaza. Hakuna mwongozo wa mafuriko uliotuambia hilo, na sisi wageni tungelijulia wapi kama si kuuliza? Tulikuwa tumechukua onyo la mahali pengine tukalipuliza juu ya jeraha la watu. Tulikwenda kwa yule mzee kuomba msamaha. Akatupa chai. Akatuuliza mito ya kwetu ikoje. Akatuambia kwamba zamani mtu akipatwa na shida alivuza induru, alipiga ukelele, na aliyeusikia alikuwa na wajibu wa kutoka. Lakini sauti yenu haijajulikana bado, akasema. Mkipiga kelele nyinyi usiku, watu watauliza kwanza ni nani.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Hakuna filimbi. Wapo wawili wawili, mmoja wetu na mmoja mwenyeji, wanagonga mlango na kuita jina la mwenye nyumba, kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kila jozi ina nyumba zake. Mmoja anayekaa juu kabisa ya mteremko ndiye jicho: akiona maji ya mfereji yamegeuka matope, au ufa mpya kwenye ukingo, au mti ulioinama ambao jana ulikuwa wima, anawapigia watu wawili, na hao ndio wanaanza kugonga. Simu mbili hizo hazizimwi msimu mzima, na chaji yake tunachangia. Umuganda wa mwisho wa mwezi tulisafisha mifereji pamoja na isibo nzima. Kazi ilikwenda upesi kuliko mkutano wa kuipanga.

Ndani ya nyumba, tulichowaambia watu ni kidogo. Unga na mbegu vikae juu, visikae chini. Maji ya kunywa bidoni moja yenye kifuniko, maana baada ya mafuriko maji ndiyo huua kimyakimya. Usivuke maji yanayokimbia hata kama yanafika magotini. Yanamwangusha mtu mzima. Usilale chumba cha upande wa mlima usiku wa mvua kubwa. Na makaratasi.

Makaratasi tumeyapa muda mwingi kuliko kitu chochote. Mwenzetu mmoja, yule wa Mulongwe, familia yake ilitoka hai wote. Walichoacha ni mfuko uliokuwa juu ya kabati: diploma ya serikali ya dada mkubwa, vyeti vya kuzaliwa, na kadi ya mpiga kura ya baba, ambayo kwetu Congo ndiyo kitambulisho. Walishukuru Mungu kwamba ni karatasi tu. Walipokuja kuvuka mpaka miaka baadaye, dada hakuwa na kitu hata kimoja chenye jina lake. Alisema amemaliza sekondari, akaandikwa hajamaliza. Mpaka leo anauza mandazi na watu humwita mwalimu kwa utani. Basi kila nyumba sasa ina mfuko mmoja wa plastiki mzito: prufu za ukimbizi, vyeti, kadi za chanjo, dawa za mtu mwenye dawa, na noti chache. Unaning'inia msumarini karibu na mlango, na mtoto mkubwa anajua ni kazi yake. Picha za kila karatasi ziko kwenye simu ya mtu mwingine asiyekaa nyumba hiyo. Watu wawili walikataa kutupa picha zao, na tunawaelewa. Wao watatumia ndugu zao.

Lilibaki swali la nyumba ya tatu, ya bibi anayetembea kwa fimbo. Kwenye orodha yetu, mbele ya jina lake palikuwa patupu kwa muda mrefu. Jumamosi iliyopita vijana wawili, mmoja wetu na mjukuu wa yule mzee wa nyumba ya chini, walimweka kwenye kiti, wakambeba mpaka shuleni, mahali tulipokubaliana watu wakimbilie. Alicheka njia nzima, akawagombeza kwenye kona, akataka arudishwe polepole aone mashamba. Dakika 19, njia ikiwa kavu na mchana. Kwa matope na giza hatujajaribu bado. Tumepanga kujaribu mvua ya kwanza ndogo ikinyesha jioni.